Ngitili ya Mwakalundi: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bwana Anatory Kamuhabwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1999, Bwana Anatory Kamuhabwa, Afisa Mipango Miji Mwandamizi, anatimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi na kustaafu rasmi. Katika miaka hiyo kibao cha mlangoni kwake kimebadilishwa mara tatu. Alianza akiwa mtumishi wa Halmashauri ya Mji, akawa wa Mkoa halmashauri zilipovunjwa, akarudi kuwa wa Mji ziliporejeshwa, na leo anaondoka akiwa wa Manispaa. Meza ni ile ile. Mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali, na tofali hilo lina umri mkubwa kuliko makarani wengi watakaokuwa ukumbini.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa mkuu wake wa idara hadi nilipostaafu mwenyewe. Wamenipa kurasa chache. Daktari naye amenipa muda, ingawa hakutaja ni kiasi gani, kwa hiyo nimeandika haraka na bila kuficha kitu.

Anatory alizaliwa Kamachumu, mtoto wa mkulima wa kahawa. Alifika Mwanza kwa meli mwaka 1968 kuja kuwa mchoraji ramani msaidizi, begi mkono mmoja na mkungu wa ndizi begani, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba huku watu hula ugali asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya kwanza mkungu ukaisha. Wiki ya pili aligundua kuwa aliyemwonya hakuwa mwongo. Mwaka 1974 alikwenda kusoma Chuo cha Ardhi, akarejea akiwa afisa kamili, mwenye suruali pana chini na imani kubwa juu ya picha zinazopigwa kutoka angani.

Picha hizo ndizo zilizompa jina. Kwao Kamachumu hakuna majabali kama ya kwetu. Alipokuwa akisoma picha za mlima mmoja nje ya mji, aliona viduara vyeupe vimejazana mlima mzima, akaamini ni nyumba za msonge. Akavihesabu kwa uaminifu, akavizidisha kwa watu sita kila kimoja, akaandika kwamba eneo lile lina wakazi wengi wasio na usafiri wowote. Kamati ikashtuka. Basi likapangiwa safari ya kupanda mlima ule asubuhi na jioni.

Wiki moja baadaye dereva aliingia ofisini na kofia mkononi. "Bwana mpanga mji," alisema, "abiria wako ni pimbi. Wanakaa juu ya mawe wanaota jua, wananitazama. Hawana nauli, na sioni kama wana haraka."

Tangu siku hiyo idara nzima ilimwita Mwenyekiti wa Pimbi, naye akaitika. Wengine wangelificha kosa kama lile. Yeye aliitundika picha ile ukutani, juu ya meza yake, na hakuna ramani iliyotoka tena mikononi mwake kabla hajapita kwa miguu mahali penyewe, tena asubuhi, watu wanapotoka majumbani. Kila kijana aliyekuja kujifunza kazi kwetu alifundishwa kumuuliza mwenye nyumba swali moja kwanza: asubuhi unakwenda wapi, na jioni unarudi na mzigo gani?

Swali hilo lilimletea majibu ya kila aina. Kule Mabatini, mama mmoja aitwaye Sabina, muuza vitumbua, alimjibu bila kuacha kukoroga unga. "Nakwenda Mirongo na ndoo ya vitumbua. Narudi na ndoo tupu na baba watoto kalewa. Wewe andika mzigo ni huyo wa pili." Anatory akaandika kama alivyoambiwa, na ripoti ikasomwa kwenye kamati, mbele ya mjumbe mmoja aliyekuwa mchungaji wa kanisa.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo kwayo tunamuaga.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini biashara zilifunguliwa, na Mwanza ikaanza kutuzidi. Viwanda vya samaki vilisimama pwani ya ziwa, kimoja baada ya kingine. Mitumba ilishuka kwa marobota. Watu walikuja kutoka Mara, Shinyanga, Kagera, Kigoma, na kila aliyekuja alitafuta jiwe la kuegemeza nyumba. Magari ya abiria ya watu binafsi yalichukua nafasi ya mabasi yaliyokufa, nayo yalikwenda yanakotaka. Mwaka 1991 Manispaa iliamua kufungua makazi mapya Mwakalundi, kwenye barabara ya kwenda Usagara, kwa ajili ya familia za bonde la Mirongo zilizokuwa zinaingiliwa na maji kila masika, pamoja na zile zilizobanana Mabatini.

Namna yetu ya kufanya kazi wakati ule ilikuwa hivi: sisi tulikata viwanja, mhandisi alipewa ramani baadaye atafute pa kupitisha barabara, na magari yalikuwa ya ofisi nyingine kabisa iliyotoa leseni za njia. Mtu aliyetakiwa kuhama hakuwa wa ofisi yoyote. Ndiyo maana makazi mawili tuliyokuwa tumeyafungua kabla yake yalirudi kuwa mashamba ya mihogo. Watu walipokea viwanja, wakaenda kuviona, wakauliza gari linapita wapi, wakarudi mjini.

Anatory alikataa kutoa ramani ya viwanja peke yake. Alimwita mhandisi na ofisa wa leseni, akawafungia chumba kimoja na chupa ya chai, wakachora karatasi moja. Katikati waliweka kituo cha magari, soko, mashine ya kusaga, zahanati na shule. Viwanja vidogo, vya watu wengi, vikazunguka hapo. Vile vikubwa vikasukumwa nyuma.

Mhandisi alilalamika kwamba wenye uwezo ndio wapewe mbele, maana wao wana magari.

"Wenye magari wana magari," Anatory alimjibu, akaendelea kuchora.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Ramani ile ilitaka ukanda mrefu wa ardhi kando ya barabara uachwe wazi kwa miaka kadhaa, mpaka mji ukue na fedha za kujenga soko na kituo zipatikane. Ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji waliokuwa wakilima pamba na viazi, na msemaji wao alikuwa Mzee Shimba, mfugaji mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mkutano wa kwanza tuliwaeleza habari za akiba ya barabara. Wakatusikiliza, wakatushukuru, wakakataa.

Njiani tukirudi, Anatory aliona kipande cha majani marefu kilichozungushiwa miiba, na ng'ombe wamekonda nje yake bila hata mmoja kuingia. Akashuka kwenye gari kumuuliza mchungaji. Akaelezwa kuwa ile ni ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kuachwa yakue, mpaka kiangazi kinapobana ndipo yafunguliwe. Kila Msukuma anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mimi ni Msukuma, nilikuwa nimekaa ndani ya gari lile lile, na halikunijia akilini.

Mkutano uliofuata alisimama akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Nimekuja kuwaomba mnisaidie kufunga ngitili. Ng'ombe wake ni magari na soko. Kiangazi chake ni siku ambayo mji huu utajaa mpaka hapa."

Kisha Mzee Shimba akasema, "Wewe Mhaya, unayefunga mbuzi mmoja kwenye mgomba ukajiita mfugaji, ngitili umeijulia wapi?" Baraza likaangua kicheko, na kicheko kilipokwisha mzee hakuwa akicheka tena. "Sikia, ng'wanawane, mwanangu. Ngitili ina masharti. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati tunamwita mbele ya wazee, na hatuulizi ni mtoto wa nani. Hata wewe. Hata huyo mkubwa wako uliyekuja naye."

Anatory alikubali, nami nikakubali nikidhani ni maneno mazuri ya kufungia mkutano.

Viwanja viligawiwa mwaka uliofuata, na hakuna aliyehamia. Familia zilisema haziwezi kwenda kulala porini wakati kazi iko mjini na gari hakuna. Bwana Chenge, mwenyekiti wa wenye magari ya abiria, alisema gari linafuata watu. "Afisa, nakuheshimu," alimwambia, "lakini mimi siendi Mwakalundi kupeleka upepo na kurudisha upepo." Kila upande ulimsubiri mwenzake, na nyasi zikaota juu ya mawe ya mipaka.

Hapo ndipo Anatory alipokumbuka kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha mipango miji nilichokisoma: kwamba katika nchi yetu hii, palipo na mnada wa ng'ombe hapahitaji nyumba ili pajae watu. Mnada wa upande ule wa mji ulikuwa umebanwa na majengo, unatafuta mahali. Akaenda kwa Mzee Shimba kuomba ngitili ifunguliwe siku moja tu kwa juma, Jumatano, bila mtu kusimika hata nguzo.

"Ulisema ng'ombe wake ni magari," mzee alimkumbusha. "Sasa unaniletea ng'ombe wenyewe."

"Wanakuja kuyaita magari, Mzee."

Wazee walikaa, wakaruhusu. Jumatano ya kwanza Chenge alikuja na gari moja, kuangalia tu. Alikuta ng'ombe, kamba, ndoo, vyungu, mitumba, na nyama imeshawekwa motoni. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshamtuma utingo mjini akaite mengine. Baada ya miezi michache yalikuwepo magari ya Jumanne kwa wale wanaowahi mnada na ya Alhamisi kwa wale waliolala huko. Kisha yakawa ya kila siku. Ndipo familia zikaanza kuhama, na ya Mama Sabina ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Aliulizwa kama anaridhika na makazi mapya, akasema anaridhika sana, maana kutoka kituoni hadi nyumbani ni karibu mno na baba watoto hana tena pa kupotelea.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta hatari. Kufikia mwaka 1994, ule ukanda wa wazi ulikuwa ndio ardhi inayotamaniwa kuliko zote katika barabara ile. Yakaja maombi: kituo cha mafuta, nyumba ya wageni, baa, safu ya maduka. Hakuna aliyetaka yote. Kila mmoja alitaka kipande tu. Baadhi ya wajumbe wa kamati wakaanza kusema kuwa ardhi imekaa bure wakati huu ni wakati wa biashara. Tulijua kitakachofuata. Vipande vikitoka, magari yangesimama juu ya lami, penye malori ya Usagara yanayokwenda kasi, soko lingerudi mjini, na nyuma ya soko wangerudi watu, bondeni kwenye maji. Kisheria hatukuwa na nguvu, kwa sababu ramani ilikuwa bado haijaidhinishwa na Wizara. Anatory aliomba jambo moja: waombaji wasikilizwe Mwakalundi, siku ya mnada.

Waombaji walikaa mbele kwenye viti. Mzee Shimba alimsimamisha wa kwanza, akamuuliza baba yake ni nani na wa wapi. Kijana akataja jina la mzee wa Misungwi anayejulikana.

"Baba yako alikuwa na ngitili?"

"Alikuwa nayo, Mzee."

"Nani aliingiza ng'ombe humo kabla ya wakati?"

"Hakuna."

"Basi kaa, mwanangu. Umeshajibu."

Akakaa. Wa pili na wa tatu hawakusubiri kuulizwa, waliondoa maombi yao wenyewe. Alibaki bwana mmoja wa mbali, mwenye tai, mwombaji wa kituo cha mafuta, aliyesema kwa adabu kwamba sheria za mji hazitambui ngitili.

"Hazitambui, kweli," mzee alisema. "Jenga. Ila utuambie ni nani atakuja kununua mafuta yako."

Watu walimgeukia Chenge, mwenye magari mengi kuliko wote. Chenge alikuwa na mshikaki mkononi. Alitafuna akamaliza, akasema, "Mimi mafuta nitaendelea kujaza mjini. Mama yangu ni wa Mwakalundi. Nikijaza hapa, ugali nitakula wapi?"

Maombi yote yaliondolewa kabla jua halijainama. Mwaka 1997 fedha zilipopatikana wazee waliifungua ngitili wenyewe, wakajengewa soko na kituo, na siku hizi maofisa wa miji mingine huletwa kuvitazama. Huonyeshwa vyoo, taa na vibanda. Mimi ningewaonyesha ile nafasi kubwa iliyobaki, ambayo bado hakuna aliyejenga juu yake.

Kuna jambo moja ambalo halijawahi kuandikwa popote. Katika majuma yale yale ya mwaka 1994, Bwana Anatory aliitwa kwenye cheo kikubwa zaidi, Mkoa wa Kagera, pamoja na nyumba na gari, umbali mfupi kutoka kwa mama yake mzazi. Alikuja ofisini kwangu akafunga mlango. "Mzee," alisema, "nikiondoka sasa, Krismasi itakuta pampu ya mafuta pale." Akaniomba nimsaidie kukataa. Akaniomba pia nisimwambie mkewe, Mwalimu Jovitha, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamani warudi kwao. Nyumbani alisema nafasi amepewa mtu mwingine.

Nimeitunza siri hiyo miaka mitano. Lakini sasa mimi ni mtu wa kitandani, na sitaki kuondoka na siri ya ndoa ya watu mfukoni. Mwezi uliopita nilimwita Mwalimu Jovitha. Alikuja na senene kwenye kikopo, akakaa kando ya kitanda, nami nikamweleza yote huku nikiomba radhi.

Alicheka mpaka binti yangu akaja mbio kutoka jikoni kuona kuna nini.

"Mzee wangu, pole na mzigo," alisema. "Hiyo habari niliipata wiki ile ile kutoka kwa shemeji yangu Bukoba. Alikuwa ameshaanza kututafutia mbuzi wa kutupokea."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Ningesema nini? Wakati ule shule yangu ya Mwakalundi ndiyo kwanza imefunguliwa, tuko walimu watatu, nusu ya watoto wangu wanaletwa na gari la Chenge. Nilikuwa nahangaika usiku na mchana nimwambieje mume wangu kwamba mimi Kagera siendi. Halafu yeye akaja na uongo wake, mnyonge, macho chini. Nikaupokea kwa mikono miwili. Wiki ile aliniletea kitenge kwa majuto. Nikanyamaza nione kama kitakuja na cha pili."

Nikamuuliza kama ameshamwambia mumewe kuwa anajua. Akasema hapana, miaka mitano haikupata siku nzuri. Kisha akafikiri kidogo. "Wewe si unaandika kile kijitabu cha kumuaga? Mwandikie humo. Akisome akiwa meza kuu, mbele za watu, asiwe na pa kukimbilia."

Nimefanya kama nilivyoagizwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Bwana Anatory na mkewe wanaihama nyumba ya Manispaa mwezi ujao. Katika miaka yote aliyokuwa akigawa viwanja vya Mwakalundi hakujigawia hata kimoja. Aliomba mwaka huu, kama raia mwingine yeyote, na kura ikampa kiwanja cha nyuma kabisa, kule mlimani kupita shule. Vijana wa idara walitaka kumbadilishia, wakimkumbusha kuwa kwa ramani yake mwenyewe asiye na gari anastahili kukaa mbele. Aliwaambia mbele kumejaa, na kwamba hiyo ndiyo habari njema aliyoisikia mwaka huu.

Kwa niaba ya wote tuliofanya kazi naye, na ya wale wanaoshuka kituoni jioni bila kujua jina lake, namshukuru. Bwana Anatory, mwanangu, na wewe Mwalimu Jovitha, Mungu awape afya na miaka mingi ya kukaa pamoja Mwakalundi, mahali ambapo kila mmoja wenu alipachagua bila kumwambia mwenzake.

Wageni waalikwa, mkiona meza kuu chakula kinapoa na wawili wale wanatazamana, tafadhali msiwaharakishe. Anatory ndiyo kwanza amefika ukurasa huu.

Obedi Ngosha
Mkuu wa Idara mstaafu